Siku mbili kule Sebagoro

Foto ninazoweka leo nilizipiga mwisho wa Agosti mwaka 2024. Nimezificha muda mrefu. Kwa nini nimezificha nitasema mbele, kwanza niwaambie ni za nani.

Ni wakoko wangu wawili, wazazi wa baba. Sisi nyumbani tunawaita Koko papa na Koko mama. Tunaishi Kyangwali tangu Februari 2018. Wengi wenu mnajua njia tuliyopita maana ndiyo mliyopita: mapigano ya Djugu, Tchomia, mtumbwi usiku, kisha Sebagoro upande wa Uganda, kisha lori mpaka huku kambini. Hiyo habari sirudii. Leo naandika kuhusu wazee wawili waliokwenda matembezi.

Mwaka ule wa 2024 kwetu mambo mazuri yalifuatana mpaka tukaanza kuogopa. Januari majibu ya PLE yalitoka, mdogo wangu akapita daraja la pili. Juni binamu yetu aliye Kanada alimaliza masomo yake ya kutunza wagonjwa, tukakaa wote kumi na moja mbele ya simu moja kuangalia akiitwa jina. Bando iliisha kabla hajafika jukwaani. Koko mama alipiga vigelegele hata hivyo, ile skrini ikiwa imesimama na uso wa mzungu mmoja tusiyemjua. Julai dada yangu akajifungua mtoto wa kike, kitukuu cha kwanza cha wazee. Halafu Agosti ikawa ni miaka 50 ya ndoa yao.

Walioana Agosti 1974. Koko papa hasemi tarehe, anasema, "Tulioana Ali hajafika kupiga Foreman." Ile ngumi ya Kinshasa ilipigwa 30 Oktoba 1974, kwa hiyo hesabu yake ni ya kweli. Wakati ule nchi iliitwa Zaire na ziwa letu liliitwa Lac Mobutu. Majina ya kikristo yalikuwa yamekatazwa tangu 1972, ndiyo maana kwenye karatasi yao ya ndoa hakuna jina la ubatizo hata moja. Hiyo karatasi ipo mpaka leo. Imevuka ziwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye kifua cha Koko mama.

Sisi wajukuu tulitaka kuchinja mbuzi. Koko papa akakataa.

"Miye sitaki mbuzi. Munipeleke nione maji."

Alikuwa mfanyabiashara wa samaki Tchomia. Samaki wa chumvi, anawapakia kwenda Bunia. Tangu tushuke kwenye mtumbwi ule hakuwahi kurudi kwenye ziwa, na kutoka kwetu si mbali sana, ni kushuka tu mlima. Miaka sita na nusu. Ukimuuliza kwa nini, anasema hakuna aliyemwalika.

Sababu ya kweli ilikuwa Koko mama. Wengi mnakumbuka kipindupindu cha Februari 2018, kilipoingia kati ya watu waliokuwa wanavuka. Mdogo wake Koko mama alivuka salama, akanywa maji ya ziwa kama tulivyokunywa wote, na baada ya wiki mbili hakuwepo. Mtumbwi haukumuua, risasi haikumuua. Tangu hapo Koko mama hataki hata kusikia neno Sebagoro. Mtu akileta samaki nyumbani anauliza kwanza wametoka wapi.

Basi nikaenda kumwambia kwamba zawadi ya mzee ni kwenda kuona maji. Alikuwa anachambua maharage. Alinyamaza mpaka akamaliza ungo mzima. Halafu akasema, "Yeye aende. Miye nitabaki na mutoto." Nikatoka. Usiku nikawasikia wanaongea kwa sauti ya chini, kilugha, muda mrefu. Asubuhi akaniuliza, "Tunaondoka siku gani?" Walichoongea sikijui na sikuuliza.

Sasa pesa. Mimi nasuka nywele pale senta, na kikundi chetu cha akiba kilikuwa kimegawana. Yangu ilikuwa shilingi 210,000. Niliiwekea mpango wa simu mpya. Bodaboda mbili kwenda na kurudi, chakula, na zawadi ya mama atakayetulaza, nikahesabu 130,000. Baba mdogo alikasirika kabisa. "Pesa ya kuangalia maji? Na nyumba inavuja?" Nyumba ilikuwa inavuja, hakudanganya. Na tangu 2023, chakula kilipoanza kugawanywa kwa makundi, sisi tuliwekwa kundi la wanaopata kidogo. Nikamjibu kwamba bati litangoja. Si jibu zuri. Nilikuwa sina lingine.

Siku ya safari Koko mama akatoka na mfuko wake. Nikaufungua kuweka mkate, nikakuta ndani karatasi zote: atestesheni ya familia, vitambulisho, kadi za kliniki, karatasi ya ndoa, mpaka cheti cha PLE cha mdogo wangu.

"Koko, ni siku mbili tu."

"Hata siku ile tulisema ni siku mbili."

Nikafunga mfuko. Mkate niliubeba mkononi.

Ukitoka upande wetu unapita mashamba ya mahindi na mihogo, halafu ghafla ardhi inaisha. Mnaoijua ile njia mnajua. Unasimama kwenye ukingo wa bonde la ufa na ziwa liko chini yako lote, jeupe kwa mwanga, na upande wa pili milima ya Ituri kama moshi. Kiangazi kuna vumbi hewani, siku nyingine milima haionekani kabisa. Siku ile ilionekana. Koko papa akamwambia kijana wa boda asimame. Akashuka, akavua kofia. Akaanza kuonyesha kwa kidole: pale Kasenyi, pale Tchomia, pale njia ya kupanda Bogoro. Nawaambia ukweli, hakuna mtu angeweza kuona Tchomia kutoka pale. Lakini kijana wa boda, Mnyoro hata hajui Kongo, alikuwa anaitika "eeh mzee, naona."

Koko mama hakushuka kwenye pikipiki. Alifunika uso na kitenge akisema ni vumbi.

Tulifikia kwa mama mmoja wa kwetu, yeye alibaki palepale Sebagoro tangu 2018 na sasa anauza samaki. Nyumba ya vyumba viwili, akatupa kimoja. Mchana ule Koko papa akawa kama mtu wa miaka arobaini. Alizunguka mitumbwi yote. Alishika nyavu akipima matundu kwa vidole. Aliuliza bei ya kapitene, ambaye huku wanamwita mputa, akacheka bei, akaondoka, akarudi, akacheka tena. Aliwaambia vijana kwamba wanapasua samaki kama kuni, akaomba kisu, akawaonyesha. Mikono inamtetemeka siku hizi, hata kikombe kinamshinda. Kile kisu hakikutetemeka. Watu walikusanyika, mmoja akamuuliza kama anatafuta kazi.

Koko mama alikaa nyuma ya nyumba, mgongo kwa ziwa. Alimsaidia mwenyeji kukaanga. Alipoletewa samaki wa mzee aliuliza kama maji ya kuoshea yamechemshwa.

Jioni mwenyeji akatoa viti nje kwa sababu ndani kuna joto. Koko mama akageuza chake. Tulikuwa tunakunywa soda, ndiyo ilikuwa sherehe yenyewe, soda na mandazi na yule samaki. Koko papa akaangalia saa yake. Hiyo saa lazima niieleze. Ni saa ya mkono ya zamani na hajawahi kuibadilisha tangu 2018. Kongo ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, kwa hiyo mzee wetu anaishi saa moja nyuma ya kambi nzima. Akichelewa kwenye mgao wa chakula tunajua sababu. Huku ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, jua linaelekea kuzama. Yeye akasema, "Kule ni kumi na moja na nusu. Watu wanatoka sokoni."

Koko mama akauliza, bila kugeuka, "Jua iko wapi?"

"Inaingia kwa milima. Juu ya kwetu."

"Uongo. Kwetu jua inatoka kwa maji."

"Kwetu ndiyo. Huku tuko ngambo. Huku inaingia."

Akanyamaza. Halafu akanyanyua kiti chake, akakigeuza, akakaa. Jua lilikuwa jekundu kabisa, limefika kwenye milima. Alikuwa ameliona likitoka kwenye maji yale maisha yake yote, kila asubuhi akiwa anafagia uwanja, na hakuwahi kufikiri kuna watu wanaoliona likirudi. Ndivyo alivyotuambia baadaye. Palepale alisema tu, "Kumbe ni huku inapitaka kulala." Akaangalia mpaka giza. Akamtaja mdogo wake kwa jina, mara moja. Koko papa akamsogezea soda.

Asubuhi nikaamka hayupo. Nilikimbia nje bila viatu. Alikuwa kwenye maji, mpaka kwenye magoti, anafua kitenge chake na shati la mzee, anaongea na wanawake wengine kama jirani zake wa miaka mingi. Najua, ndugu zangu wa afya mtanigombeza. Kichocho kimejaa pembeni ya ziwa lile na mmetufundisha tusiingie. Niliwaza yote hayo nikiwa nimesimama pale, halafu nikatoa simu nikampiga foto. Tuliporudi nilimpeleka kliniki, alipewa dawa, akaimeza akilalamika kwamba vidonge ni vikubwa kama maharage.

Saa nne tulikuwa tumeanza kupanda mlima.

Sasa kwa nini nilificha. Baada ya wiki kama tatu niliweka moja ya hizi foto kwenye status, ile wamekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, Koko papa na koti lake kwenye jua kali, Koko mama anacheka ameshika samaki. Siku hiyohiyo kulikuwa na zoezi la kuhakikisha familia. Mfanyakazi mmoja, sisemi wa shirika gani, alikuwa na namba yangu. Nilipofika mezani akanionyesha simu yake. "Nyinyi sasa ni watalii! Mna pesa za matembezi na bado mko kwenye mstari?" Watu wa nyuma wakacheka. Na mimi nikacheka.

Usiku sikulala. Nikafuta ile status. Nilikuwa nahesabu: wakitutoa kwenye orodha, ni watu kumi na mmoja, kwa sababu ya samaki mmoja. Koko mama akasikia, maana kambini hakuna siri, akaniambia nifute foto zote kwenye simu. Nilimdanganya kwamba nimefuta. Baba mdogo hakusema kitu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angesema.

Hatukutolewa. Huenda yule ndugu alikuwa anatania tu, na ni yeye huyo miezi miwili baadaye aliyehangaika mpaka Koko papa akapata miwani. Si mtu mbaya. Lakini nataka kuwauliza nyinyi mnaofanya kazi na sisi na mnasoma ukurasa huu: nyinyi mna likizo ya kupumzisha kichwa, mnapanda gari Ijumaa, Jumatatu mnarudi mmeng'aa, na sisi tunawaambia "karibuni tena" kwa moyo safi. Kwa nini mzee wa miaka 74 akikaa juu ya mtumbwi siku moja inakuwa ushahidi kwamba hana shida? Na sisi wakimbizi wenyewe tusijifiche nyuma ya mashirika, maana majirani walisema zaidi yake. Hata mimi, njiani kwenda, nilikuwa navaa sura ya huzuni kila tukipita watu wanaotujua. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Bati lilivuja Oktoba, kama baba mdogo alivyosema. Tuliweka turubai. Simu sijanunua, ndiyo maana foto hazina mwanga mzuri, mtanisamehe.

Mwezi uliopita Koko mama alikuwa anatafuta kadi ya chanjo ya kitukuu chake ndani ya ule mfuko wa nailoni. Akaniuliza, bila kuniangalia, kama kweli nilifuta zile foto. Nikasema hapana. Akanyamaza kidogo, akatoa shilingi elfu mbili kwenye fundo la kitenge, akanituma senta nikatoe moja kwenye karatasi. Nikamuuliza ipi. Akachagua ile ambayo Koko papa amefumba macho. Nikamwambia kuna nyingine nzuri zaidi, macho wazi.

"Hapana," akasema. "Hapo alikuwa anasikiliza maji."

Sasa iko ndani ya mfuko, nyuma ya karatasi ya ndoa. Na ameniruhusu niziweke hapa.