Jina la Leso

Leso ina pindo, mji na jina. Jina ni yale maneno machache yaliyopigwa chapa upande wa chini wa mji. Mwili husitirika bila ya maneno. Walakini wanawake wengi wa pwani huisoma leso kabla ya kuuliza bei.

Kaderdina Hajee Essak, aliyeitwa pia Abdulla, alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na leso zake zikajulikana kwa alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Pamba yaweza kununuliwa na kila mfanyabiashara. Neno la kumfaa bibi harusi, mkwe au jirani mchokozi halipatikani kwa kila mtu. Nyanya yangu aliitunza sandukuni leso iliyokwisha kupauka, kwa kuwa jina lake lilimwambia mavyaa yake jambo ambalo yeye mwenyewe aliona haya kulitamka. Leso ile ilikuwa hadithi yake.

Wewe utakayekuwa mshoni, seremala au mwenye duka, usiige sauti ya jirani. Wasikilize watu, kisha itie nafsi yako katika kazi yako. Lakini tahadhari: jina tamu juu ya nguo inayochuja rangi ni uongo, nao hujulikana siku ya kwanza ya kufua.