Mtaa Wetu Umetulia, na Hapo Ndipo Shida Ilianzia

Kwanza nikiri: mimi ni mtoto wa Umoja. Innercore, gorofa ya tatu, juu ya kinyozi, mkabala na kanisa lenye spika nne. Kama umelelewa Eastlands unazijua hizo sauti. Makanga anagonga bodi ya mat kabla jua halijatoka. Jirani wa kushoto anakaanga vitunguu. Jirani wa kulia anagombana na mumewe, na wewe umeshajua nani ana makosa kabla wao hawajamaliza. Tulikuwa tunalala kwa sababu tumechoka, si kwa sababu kumenyamaza.

Mwaka jana mathe alipanda cheo kazini, tukahamia Loresho. Marafiki wangu wakasema sasa tumeomoka. Nyumba nane nyuma ya geti moja, miti mikubwa, nyasi zimekatwa vizuri, na kimya. Si kile kimya cha mtu kuzima redio. Hiki ni kimya cha kusikia friji ikinguruma jikoni ukiwa umelala chumbani.

Acha niwe mkweli, mwanzo nilipenda sana. Nililala saa nane mfululizo. Nilirekodi video zangu bila mahubiri ya watu kuingia ndani. Asubuhi nilikuwa naamshwa na kwarara, wale ndege wa mdomo mrefu wanaopita juu ya paa wakipiga kelele kama mtu amewakanyaga. Kwa miezi kadhaa hao ndio walikuwa majirani pekee niliowasikia.

Halafu nikaanza kuona vitu. Umoja nilikuwa nashuka ngazi na shilingi 20, narudi na nyanya, dania ya bure na udaku wa mtaa mzima. Hapa nyanya zinaletwa na nduthi. Umoja ukikosa kuonekana siku mbili, mtu anauliza uko wapi. Hapa ukionekana unatembea kwa miguu ndio unaulizwa. Unafika kwa kizuizi, soja anataka kujua unaenda wapi, ukisema nyumbani anataka namba ya nyumba.

Ukiangalia vizuri, wanaotembea hapa ni mama wa kufua, kijana wa kukata nyasi, fundi wa mabomba, soja anayetoka zamu. Jioni wanaelekea Kangemi, ambayo inapakana na sisi kabisa. Kwa hivyo hiki kimya tunachojivunia kinafagiliwa, kinakatwa na kulindwa na watu ambao wao wenyewe wanaenda kulala kwenye kelele.

Na hii si bahati mbaya. Wakoloni waliligawa jiji hili kwa rangi ya ngozi: Wazungu wakachukua upande wa juu wenye miti na viwanja vikubwa, Wahindi wakapewa sehemu kama Parklands na Ngara, Waafrika wakabanwa Eastlands. Uhuru ukaja 1963, rangi ikaondoka, pesa ikachukua kiti chake. Kwenye sensa ya 2019, Embakasi ilikuwa na watu zaidi ya 11,000 kwa kila kilomita ya mraba. Westlands, ambayo Loresho iko ndani yake, ilikuwa na kama 3,000, na hapo umehesabu Kangemi na msongamano wake wote. Toa Kangemi, uone kimya kinatoka wapi.

Lakini hayo nilikuwa nayajua kichwani tu. Niliyaelewa usiku mmoja.

Mathe alikuwa ameenda mashambani kwa matanga. Nilibaki na mdogo wangu wa miaka tisa, ambaye ana pumu. Saa nane usiku akaniamsha hawezi kuongea. Kifua kinapanda, kinashuka, na ile sauti ya filimbi inatoka ndani. Dawa yake ya kuvuta, nikaitikisa, haina kitu. Nikaitisha teksi kwa simu: dereva wa kwanza akakataa, wa pili akakataa.

Nikatoka nje nikabonyeza kengele ya nyumba ya jirani. Nikabonyeza tena. Nikaita, "Tafadhali, tunaomba msaada!" Taa ya juu ikawaka. Nikashukuru Mungu. Halafu ikazimwa.

Nimesikia kelele nyingi maishani mwangu, lakini hakuna sauti iliyowahi kuniogopesha kama ile taa kuzimwa.

Aliyekuja mbio ni soja wa geti. Hakuuliza namba ya nyumba. Alimchukua mdogo wangu mikononi, akapiga simu kwa kijana wa nduthi anayemjua Kangemi, akatutembeza mpaka barabarani kwa sababu ndani kuna matuta na giza. Nduthi ilifika haraka kuliko vile nilivyotarajia. Hospitali wakamwekea mashine ya mvuke, na ilipofika alfajiri alikuwa ananiuliza kama ataenda shule.

Saa moja asubuhi nikafungua WhatsApp. Kundi la majirani lilikuwa na ujumbe: usiku geti liliachwa wazi bila mtu, soja alikuwa wapi, tunalipia nini? Aliyeandika ni yule yule wa taa. Watu watano wakaweka kidole gumba.

Hapa ndipo ninapoona aibu. Sikujibu. Simu ilikuwa na chaji ya asilimia tano, ndio, lakini asilimia tano inatosha kuandika "alikuwa anamwokoa mdogo wangu." Nilijiambia nitaandika baadaye. Nilikuwa mgeni kwenye kundi, sikutaka kuwa yule mtu wa Eastlands anayeleta kelele. Baada ya siku tatu kwa geti kulikuwa na soja mwingine. Nikamuuliza mwenzake ameenda wapi, akaniuliza, "Nani?" Nikakwama. Miezi minane nilikuwa nimemwita soja. Sikuwa najua jina lake.

Mathe aliporudi nilimweleza yote. Hakupiga kelele. Alivaa leso, akaenda akagonga kwa yule jirani mchana, na akanilazimisha niende naye. Nilitarajia mtu mwenye roho mbaya. Akafungua nyanya mmoja, mwalimu mstaafu, anayeishi peke yake. Alituambia alishawahi kuvamiwa na wezi alikokuwa anaishi zamani, na waliingia hivyo hivyo, mmoja akilia nje kama anaomba msaada. Alinitazama akasema, "Mwanangu, kama ningekuwa najua sauti yako, ningefungua."

Hiyo sentensi imekataa kunitoka. Yeye aliniogopa mimi. Mimi niliogopa kundi. Mtu mmoja tu hakuogopa, na ndiye aliyepoteza kazi.

Nilimpata soja kupitia yule kijana wa nduthi. Sasa nalijua jina lake, lakini silitaji hapa kwa sababu bado anatafuta unga kwa kazi hiyo hiyo. Amepelekwa mahali pengine, mbali zaidi na kwake. Nilipompigia kuomba msamaha, kitu cha kwanza aliuliza ni, "Kijana anaendeleaje?" Mathe na mwalimu waliandika barua arudishwe. Hajarudishwa.

Kilichobadilika ni kidogo. Mwalimu alituita wote nyumba nane kwake, chai na mandazi, na tukakubaliana kwamba mtu akiwa mgonjwa soja anaruhusiwa kuacha geti. Orodha ya majina na simu iko ukutani kwa kila nyumba, na majina ya masoja yamo. Mdogo wangu sasa anafanyia hesabu kwa mwalimu. Nikipita namsikia akibishana na yeye kuhusu sehemu, kwa sauti kubwa.

Sisemi mrudi kwenye spika za kanisa. Usingizi ni mtamu, na kila mtoto wa Nairobi anastahili kulala bila kelele. Ninachosema ni kwamba kimya na amani ni vitu viwili. Kimya unaweza kukilipia kila mwezi pamoja na kodi. Amani inataka mtu anayejua sauti yako saa nane usiku.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii ukiwa nyuma ya geti lako: soja wako anaitwa nani? Na wa mlango wa pili?

Kama hujui, usiniandikie hapa kwa comments. Shuka ukaulize.