Mashujaa wa Chuma na Chifu Mangungo

Haya jamani, leo tuwaseme wakubwa. Nawazungumzia wale mashujaa wa Ulaya ya kale, wenye farasi na mikuki, waliovaa chuma kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Eti walikaa meza ya duara na Mfalme Arthur, wakala kiapo cha kuwalinda wajane na yatima. Tumewaona kwenye filamu mpaka tumewazoea kuliko Mkwawa.

Tatizo ni kwamba ukianza kuuliza maswali ya kiripota, hadithi inavuja. Arthur mwenyewe hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba aliwahi kuishi. Kitabu maarufu cha Kiingereza juu yake kilichapishwa mwaka 1485, na mwandishi wake, Sir Thomas Malory, alikiandika akiwa mfungwa. Malory ambaye wanahistoria wengi wanaamini ndiye alishtakiwa kwa wizi, unyang'anyi na ubakaji. Yaani mwongozo wa uungwana umetoka lupango! Tena mwaka 1204 mashujaa waliojishonea misalaba nguoni, walioondoka kwao kwenda kupigana na Waislamu, waliishia kuuvamia Constantinople, mji wa Wakristo wenzao. Walipora hadi makanisani.

Siri yao ni kwamba uungwana ulikuwa wa wao kwa wao. Bwana akimteka bwana mwenzake alimtunza, maana kuna hela ya kumkomboa. Mkulima nani angemkomboa? Lakini tusiwacheke sana. Hata neno letu "muungwana" zamani lilimaanisha mtu asiye mtumwa. Mtumwa angekuwa na adabu hadi basi, bado si muungwana.

Haya yote yalinijia ndani ya basi la kutoka Mikumi kwenda Kilosa, nikifuata habari ya gazeti. Mikumi watu huenda kuona simba na tembo, wakapiga picha, wakarudi mjini. Wachache wanakumbuka kwamba ukiipita Kilosa ukashika barabara ya Dumila, unakutana na Msowero. Ndiyo, ile Msovero ya vitabu vya historia, ya Chifu Mangungo.

Mnamkumbuka? Shuleni tulimsoma chini ya kichwa "mikataba ya ulaghai", darasa zima likacheka. Mpaka leo ukitaka kumtukana kiongozi aliyesaini bila kusoma, unamwita Mangungo.

Sasa tumtazame aliyemsainisha. Karl Peters alikuwa na miaka 28 na shahada ya udaktari, umri wetu huu huu. Alifika Zanzibar Novemba 1884 akiwa amesafiri kwa jina bandia, pamoja na Karl Jühlke, August Otto na Joachim von Pfeil, kabaila halisi wa kuzaliwa. Serikali yao ikawaambia wasitegemee ulinzi wake. Wakaenda bara hivyo hivyo. Kwa maelezo ya Peters mwenyewe, utaratibu ulikuwa huu: kwanza kilevi, halafu bendera, halafu mkataba unasomwa kwa Kijerumani, halafu Kaisari anashangiliwa, halafu risasi hewani.

Zamu ya Mangungo ilikuwa Novemba 29. Mkataba unasema alitoa nchi yake yote pamoja na haki zake zote. Unaongeza kwamba Sultani wa Zanzibar hakuwa hata anamjua. Hiyo ni Usagara, njia ya misafara ya Zanzibar! Ripota yeyote angeishtukia sentensi hiyo. Kaisari hakuishtukia: Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, alitoa hati ya kuyakubali makaratasi hayo.

Kwao Peters alishangiliwa kama shujaa. Mwaka 1897 alifukuzwa kazi kwa kumnyonga mtumishi wake na msichana wa Kichaga huko Kilimanjaro, lakini mwaka 1941 Wanazi wakamtengenezea filamu ya kumsifu.

Mimi naona tumemcheka asiyestahili. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza alipobanwa na mabwana wa farasi, makubaliano yaliandikwa kwa Kilatini na mfalme hakuweka saini, yalipigwa muhuri tu. Wengi wa mabwana wale walitegemea makarani wawasomee. Nani anawaita wajinga? Dunia yao ilikwenda kwa kiapo na neno la mtu, karatasi ilikuwa ushahidi tu. Mangungo naye aliishi dunia ya namna hiyo: mgeni amekuja, mmekaa, mmekunywa, mmeelewana. Kama siku ile Msowero kulikuwa na muungwana kwa kipimo cha hadithi za Arthur, hakuwa yule daktari, wala yule kabaila.

Ubaya ni kwamba tusi la "Mangungo" linatupumbaza. Linatufanya tudhani tatizo lilikuwa kutojua kusoma, na kwamba sisi wenye digrii tumeshapona. Mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulisainiwa hotelini London, na waziri msomi, kwa Kiingereza anachokielewa. Mbunge aliyehoji, Zitto Kabwe, alisimamishwa Bunge Agosti mwaka huo huo.

Mangungo walau alitiliwa saini nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Nasema uongo ndugu zangu?