Ukurasa Usiopiga Hodi

Mwalimu aliniomba nizime skrini. "Mimi hainisaidii," alisema, "na wewe itakupotosha." Nikaizima, nikavuta kiti karibu naye, nikaisikiliza kazi yangu ya miezi minne ikisomwa kwa sauti.

Ilikuwa tovuti ya kukatia tiketi za mabasi ya mikoani, niliyoijengea kampuni moja ya usafiri hapa Dar es Salaam. Niliipenda. Abiria anachagua siku, anaona ramani ya viti 49, vya kijani viko wazi, vyekundu vimechukuliwa, anagusa anachokitaka, analipa kwa simu. Hakuna tena kudamka kwenda stendi ya Mbezi kusukumana na wapiga debe. Mwalimu alinifundisha jiografia sekondari, wakati huo akiona vizuri. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, hata alipostaafu alikuwa haoni kabisa. Siku ile nilipomwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," aliitikia marahaba na kunitaja kwa jina kabla sijajitambulisha. Nilikwenda kwake nikiamini nampelekea zawadi.

Anatumia NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, baadaye akishirikiana na mwenzake James Teh, asiyeona pia. Waliitoa bure, na kwa sababu hiyo imefika hadi sebuleni kwa mwalimu mstaafu. Ameizoea kiasi kwamba sauti huenda mbio, mimi nikashika neno moja kati ya matatu. Alibonyeza kitufe cha Tab, akaipata tarehe ya safari. Akabonyeza tena. Sauti ikaviruka viti vyote, ikatua chini kabisa ya ukurasa: "Wasiliana nasi." Akarudi nyuma kwa vishale, polepole. Sasa mashine ikawa inarudia jambo moja tu, kwamba hapa panabofyeka, hapa panabofyeka, hapa panabofyeka.

"Nimefika wapi?"

"Kwenye viti, Mwalimu."

"Haijaniambia."

Isingeweza kumwambia. Vile viti nilikuwa nimevichora kama maboksi matupu na kuvipaka rangi. Mwenye macho aliona kiti. Ndani ya msimbo hapakuwa na kiti, wala namba yake, wala habari kwamba kimechukuliwa. Alibahatisha boksi moja, akabonyeza Enta. Kimya. Akangoja, nami nikangoja. Akaendelea kutafuta mahali pa kulipia, akazunguka, akarudi alikotoka. Mwishowe niliwasha skrini. Katikati ya ukurasa palikuwa na dirisha dogo lenye maneno niliyoyaandika mwenyewe: muda wako umekwisha, kiti kimeachiwa. Kumbe alipobonyeza alipata kiti, bei ikabadilika pembeni, saa ikaanza kuhesabu dakika tano, zikaisha. Mambo matatu yalitokea mbele yake na hakuna hata moja lililomjulisha.

Kwetu mtu hafiki mlangoni akaingia tu. Hupiga hodi, akangoja karibu. Hata mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani anajua hivyo. Ukurasa wangu ulikuwa ukiingiza watu na kuwatoa bila hodi, nami sikuona kasoro kwa sababu nilikuwa nimesimama upande wa ndani, naona kila anayepita.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma WAI-ARIA kwa makini. Ni kanuni zilizoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2014, kwa ajili ya kurasa za namna hii hasa, zinazobadilika papo hapo bila kufunguliwa upya. Ndani yake mna maelekezo ya kutangaza mabadiliko, na ngazi zake kuu mbili zilinigusa kuliko yote niliyoyasoma. Ya kwanza imepewa jina lenye maana ya adabu: kisoma skrini kinamwacha msikilizaji amalize anachosikiliza, kisha kinampa habari mpya. Ya pili hukatiza hapo hapo, nayo imewekwa kwa ajili ya dharura. Mwenye kujenga ndiye anayeamua lipi ni dharura. Nilipojipima niliona kwamba kwenye programu zangu kila kitu kilikuwa dharura, matangazo ya punguzo la nauli yakiwemo. Nikajipima na nje ya kompyuta. Mama yangu hupiga simu jioni, huanza na habari za majirani, na nimezoea kumkatiza nimuulize shida ni nini. Siku hizi namngoja afike mwenyewe.

Marekebisho yangu ya kwanza yaliharibu zaidi. Nilibandika lebo za ARIA kila mahali kwa pupa. Maboksi niliyatangaza kuwa visanduku vya kuteua, mashine ikayasoma hivyo, ila sikuandika msimbo wa kubadilisha hali yake. Mwalimu alichagua kiti, sauti ikashikilia kwamba hakijachaguliwa. Kijana mmoja ambaye mikono yake haiwezi kipanya, hivyo hutumia kibodi peke yake, alibonyeza mpaka akachoka na hakuna kilichotokea. Sikuwa nimeelewa kwamba ARIA husema tu, haitendi. Ukikiita kitu kitufe, umeahidi kwamba kitafanya kazi ya kitufe, na ahadi hiyo unaitimiza kwa mkono wako. Ndiyo maana W3C yenyewe hushauri uanze na vitufe na visanduku vya HTML, ambavyo vimezaliwa na tabia zao. Shirika la WebAIM la Marekani, linalokagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1, hukuta kurasa zenye ARIA zikiwa na makosa mengi kwa wastani kuliko zisizo nayo. Takwimu hiyo sikuihitaji ili niamini, maana nilikuwa nimemwona Mwalimu akinyamaza.

Nikabomoa, nikaanza upya. Safari hii kila kiti nilikiandika kwanza kwa maneno, bila rangi: "Kiti B3, njiani, wazi." Nilimsomea Mwalimu kwenye simu. Akauliza, "Jua linapiga upande gani?" Alikuwa anakwenda Dodoma kwa binti yake, mwezi wa sita, na mwalimu wa jiografia haisahau njia ya jua: wakati huo liko kaskazini, basi linaloelekea magharibi huchomwa ubavu wa kulia. Abiria wote wanaijua adha hiyo. Ramani yangu nzuri ya rangi mbili haikuwahi kunilazimisha kuifikiria. Nikaongeza upande wa kushoto na wa kulia kwenye jina la kila kiti, nikaweka na kitufe cha kuomba muda zaidi, na saa ikawa inatoa taarifa kabla ya kuisha.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 inataja wazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Sheria yetu ikafuata mwaka 2010. Nimesomea kazi hii, nimelipwa kwa kazi hii, na sikuwa nimezisoma. Kilichonisukuma kuzisoma ni jambo alilolisema Mwalimu bila lawama, akimimina chai: kwa miaka kadhaa mpwa wake ndiye amekuwa akimkatia tiketi, kwa hiyo mpwa anaijua namba yake ya siri ya simu, salio lake, na kila mahali anapokwenda. "Ni mtoto mwema," alisema. "Lakini mimi ni mtu mzima."

Mwezi wa sita alijikatia mwenyewe. Alipiga simu saa mbili usiku, sauti imechangamka: kiti C1, dirishani, kushoto, na namba ya siri aliiandika kwa vidole vyake. Nikamshukuru Mungu. Kisha akaniambia tiketi imefika, ila mashine inasema ni picha na haisemi picha ya nini. Je, saa ya kuondoka ni ngapi?

Nilimsomea saa. Nikaaga, nikaiwasha kompyuta.