Tulirekodi gitaa la baba, mtoto wa jirani amelala fofofo

IKIWA umewahi kuishi katika nyumba za ghorofa mtaani Umoja, jijini Nairobi, hutahitaji kuelezwa maana ya ukuta mwembamba. Jirani akikohoa, wewe humwambia pole. Akikaanga vitunguu, watoto wako huuliza kuna nini leo. Nami naishi huko, ghorofa ya tatu, na kwa miaka sita sikuwahi kukosana na mtu yeyote kwenye ngazi zile.

Kilichonikosanisha na watu ni gitaa la baba.

Baba ni mzee wa miaka 70 na ushei. Ujanani alipiga gitaa la solo katika bendi ndogo za benga kule Nyanza, zile za kualikwa harusini na matangani, kulala kwenye lori na kulipwa kwa mbuzi. Hakupata jina. Bendi zake zilivunjika moja baada ya nyingine kabla ya kufika katika studio za Nairobi, kwa hivyo hakuna sahani wala kaseti hata moja yenye mkono wake. Alichobaki nacho ni gitaa la umeme, jekundu, ambalo rangi imeambuka, na nyimbo nne alizotunga mwenyewe. Nyimbo hizo zilikuwa zimehifadhiwa mahali pamoja tu duniani: vidoleni mwake.

Kisha vidole vikaanza kutetemeka. Daktari alituambia ni ugonjwa wa Parkinson, akamwandikia dawa, nami nikamleta mzee mjini awe karibu na kliniki. Dawa yenyewe ilikuwa na saa zake. Akiisha kuimeza, baada ya muda mkono hutulia na kumtii, halafu baada ya saa kama mbili hivi mtetemeko hurudi. Daktari hakutuficha kwamba miaka inavyosonga, nafasi hiyo ya utulivu huenda ikapungua.

Baba hakusema lolote. Usiku ule aliniomba nimtolee gitaa chini ya kitanda.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba ni lazima nizirekodi nyimbo zile nne. Lakini lini? Mimi hufika nyumbani kutoka kazini jioni sana. Dawa ya baba ya usiku ilikuwa ya saa mbili, kwa hivyo mkono wake ulikuwa mzuri kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu. Ghorofa ya chini yetu palikuwa na mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita. Ungesema basi, subiri Jumapili mchana. Mlango wa pili anaishi askari wa zamu ya usiku, ambaye mchana ndio usiku wake. Mchana askari, usiku mtoto!

Siku ya kwanza nilijitia hamnazo. Nilichomeka gitaa kwenye amplifaya ndogo, nikaiweka sauti ya chini, baba akaanza. Hakumaliza hata ubeti. Mlango uligongwa. Alikuwa yule mama, kichwa kimefungwa kitambaa, macho mekundu.

"Kunradhi, Baba Adhis," akasema. "Mtoto ndio kwanza amelala. Nimembeba kutwa nzima."

Kisha akamwona baba pale kitini. "Pole, Mzee, sikujua ni wewe."

Baba mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono akazima mashine. Kwa siku nne hakuligusa gitaa tena.

Msomaji, mama yule alikuwa na haki. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa nchini mwaka wa 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na katika mitaa ya makazi zinataka usiku uwe mtulivu kuliko mchana. Lakini hata bila sheria, nani angeweza kubishana na macho yale?

Nilianza kutafuta dawa ya kelele. Rafiki mmoja kazini alinishauri nibandike trei za mayai ukutani. Nilizunguka vibandani nikakusanya trei 40, mke wangu akinitazama tu. Nilibandika chumba kizima kikafanana na kiota cha nyigu. Kazi bure. Trei za mayai hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, lakini haziizuii sauti kutoka. Kinachozuia sauti ni uzito, na karatasi haina uzito. Sauti nene ndizo sugu zaidi, kwani hupenya ukuta na sakafu bila kubisha hodi.

Fundi mmoja wa vyombo vya muziki pale Luthuli Avenue ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza swali moja: "Kwani gitaa la umeme lina kelele?"

Nilipofika nyumbani nilijaribu. Bila amplifaya, gitaa la umeme hulia kama mbu. Halina tumbo la kukuza sauti kama gitaa la mbao. Nyuzi zake za chuma hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo sana. Umeme huo ndio unaopita kwenye waya. Kelele yote inazaliwa baadaye, kwenye spika. Ukiiondoa spika na kuupeleka umeme huo moja kwa moja kwenye kompyuta, unaweza kurekodi usiku wa manane na jirani asijue.

Wala si jambo geni. Tom Scholz, mhandisi Mmarekani aliyekuwa na bendi ya Boston, alirekodi sehemu kubwa ya sahani yao ya kwanza ya mwaka wa 1976 katika chumba cha chini ya nyumba yake. Baadaye, katika miaka ya 1980, akatengeneza kisanduku kidogo kiitwacho Rockman, ambacho humwezesha mpigaji kusikia gitaa lake kwa hedifoni, likinguruma kana kwamba yuko jukwaani.

Siku hizi kazi ile ya Rockman hufanywa na programu ya kompyuta. Nilinunua kisanduku cha kuunganisha gitaa na kompyuta, cha mtumba, na hedifoni mbili za kufunika sikio zima, zile zisizovujisha sauti. Fundi alinionya mambo mawili. Kwanza, nichomeke gitaa kwenye tundu lenye alama ya gitaa, si lile la maikrofoni, la sivyo sauti itakuwa hafifu kama uji wa hospitalini. Pili, nisipandishe sauti hadi taa nyekundu iwake, kwa sababu sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki tena. Irekodi safi, ya wastani. Chumvi na pilipili utatia baadaye.

Nilifika nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nikamvalisha baba hedifoni. Akapiga noti tatu, akazivua.

"Hii si gitaa," akasema. "Gitaa ni ya kusikika na watu. Sasa mimi nampigia nani?"

Sikuwa na jibu. Benga ni muziki wa watu. Vidole vya solo huiga mchipuo wa nyatiti, ile ala yetu ya nyuzi nane, na nyatiti haipigwi kwa upweke. Hata D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati nchini Tanzania na kufariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2006, alikuwa na Shirati Jazz nzima nyuma yake. Baba alikuwa na ukuta wa trei za mayai.

Ni binti yangu Adhis, wa darasa la tano, aliyetoa suluhisho. Alichukua hedifoni ya pili akajivalisha, akaketi mkekani mbele ya babu yake. "Kuka, nipigie mimi," akasema. Yeye humwita babu yake Kuka tangu alipokuwa hajui kutamka vizuri. Mzee akatabasamu, akavaa hedifoni, akaanza.

Lakini akasimama tena. "Gitaa inanijibu kwa kuchelewa."

Nilidhani ni maradhi yanasema. Kumbe alikuwa na haki. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuirudisha, na ukubwa wa fungu ndio kuchelewa kwenyewe. Kompyuta yangu ilikuwa ikisubiri vipimo 1,024 kwa fungu moja, ilhali katika sekunde moja hupita vipimo 44,100. Hizo ni kama milisekunde 23 kuingia tu, kabla hujahesabu kutoka. Kwa mtu wa kawaida si kitu. Kwa mtu aliyepiga solo miaka 20, ni kama kucheza densi na mtu mwenye kiatu kilicholegea. Nilipunguza fungu hadi 128, nikafunga programu nyingine zote, na baba akatikisa kichwa kukubali.

Usiku wa pili mlango uligongwa tena! Mama wa chini.

"Baba Adhis, leo hakuna gitaa, lakini ni nani anatwanga mahindi?"

Tulitazamana. Ulikuwa mguu wa baba. Hakuna mpiga benga anayeweza kuuzuia mguu wake. Tulimwekea godoro la Adhis chini ya miguu, likakunjwa mara mbili, na kutwanga kukaisha.

Likabaki tatizo moja, mvumo. Sauti ya nzi mkubwa ilikuwa nyuma ya kila noti. Nilizima taa ya mrija wa jikoni, ukapungua. Nikaondoa chaja ya simu, ukapungua tena. Nikamgeuza baba aelekee dirishani badala ya mlangoni, ukapungua zaidi, kwani sumaku za gitaa hudaka umeme wa hewani kulingana na upande zinakoelekea. Lakini haukuisha.

Kisha Alhamisi moja, saa tatu na robo, stima ikapotea mtaa mzima. Watu walilalamika kote barazani. Sisi tulikaa gizani, kompyuta ikitumia betri, na masikioni mwetu pakawa kimya kuliko wakati wowote. Mvumo ulikuwa umekwenda na stima. Baba alipiga wimbo wa pili kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukosea, huku Adhis ameshika mshumaa. Ndio uliotoka vizuri kuliko nyimbo zote nne. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba stima isirudi.

Kazi ilituchukua wiki tatu. Mimi mwenyewe niliongeza gitaa la pili, kwa zile kodi chache ninazozijua. Jumapili iliyofuata, saa kumi jioni, baada ya askari kuamka, niliwakaribisha majirani chai. Nikaziweka nyimbo kwenye spika ndogo, sauti ya kadiri. Mama wa chini alikuja na mtoto mgongoni. Mtoto huyo hakulia hata kidogo.

Baba alisikiliza akiwa amefumba macho, mikono ikitetemeka magotini. Zilipokwisha, watu wakapiga makofi. Yeye akanigeukia.

"Gitaa ya pili inachelewa."

"Ni kompyuta, Baba," nikamwambia.

"La. Ni wewe."

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Tangu mvua ya masika ya mwaka huu, mkono wake wa kushoto haumtii tena hata baada ya dawa, na gitaa limerudi chini ya kitanda. Trei za mayai nilizibandua, nikamrudishia mwenye kibanda.

Lakini siku ile ya chai, askari aliniomba nimtilie nyimbo zile kwenye simu yake. Huzisikiliza langoni usiku, sikio moja la muziki, jingine la wezi. Kila jioni, saa kumi na mbili, baba husikia mlango wake ukifungwa na viatu vyake vikishuka ngazi. Huniuliza, "Ameenda kazini?"

"Ameenda, Baba."

"Haya," husema, na kurudia chai yake.