Bedford la Baba na Hesabu ya Kulichinja

Baba alinunua lori mwaka 1976, mwaka ule vyama vya ushirika vilipovunjwa na mazao ya Buha yakakosa mbebaji wa uhakika. Lilikuwa Bedford la tani saba, limeshatumika, kabini ya bluu, injini ya dizeli yenye silinda sita. Alilifungia bodi ya mbao za mninga kwa fundi mmoja wa Mwanga, na tangu siku hiyo maisha ya nyumba yetu ya Ujiji yakafuata safari zake. Dagaa wa Kibirizi na mawese ya Simbo yalipanda nalo Kasulu. Maharage na mihogo mikavu vilishuka nalo kuiwahi treni ya Kigoma. Mama alilitambua kwa mlio wa gia likiwa bado mbali, akabandika maji ya ugali kabla sisi watoto hatujasikia kitu.

Miaka hiyo hakuna aliyeuliza kama lori litengenezwe au liuzwe. Lilitengenezwa, basi. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na spea za Nairobi zikakatika. Kisha vita vya Kagera vikaja, malori mengi ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda mstari wa mbele, na vita vilipokwisha nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuagizia hata vifaa vya hospitali, sembuse ringi za pistoni. Lori jipya lilipatikana kwa kibali, na kibali kilikuwa na watu wake. Kwa hiyo gari likifa springi, springi ilichomelewa. Likifa gasketi, fundi alikata nyingine kwa mkasi.

Spea za kweli zilikuwa na njia mbili. Moja ni Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Nyingine ni ziwani: boti la usiku kutoka Bujumbura. Mwaka 1983, ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, baba alikuwa na boksi la bering alilolinunua kwa pesa yake halali, lakini stakabadhi yake ilikuwa ya Kifaransa na haikuwa na muhuri wowote wa Tanzania. Boksi likalala chini ya kitanda cha bibi, chini ya magunia ya mpunga, hadi mwaka uliofuata serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa. Nakumbuka siku lilipotolewa. Baba alizifungua bering moja moja, akazifuta grisi, akazipanga juu ya mkeka barazani mchana kweupe, majirani wakipita.

Bering hizo ndizo zilizonifundisha hesabu iliyokuja kuamua kila kitu. Krenki ya injini ikilika huchongwa kwenye mashine, na kila ikichongwa chuma kinapungua, kwa hiyo bering nayo lazima iwe nene zaidi. Saizi zinakwenda 10, 20, 30, 40. Baada ya 40 hakuna tena. Krenki hiyo ni chuma chakavu, utafute nyingine. Yetu ilikuwa saizi 10 tulipolinunua. Ilipelekwa Dar kwa treni ikarudi 20, miaka ikapita ikarudi 30. Fundi wetu, Mha mmoja wa Kasulu mwenye subira ya ajabu, aliandika saizi kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa gereji kila injini ilipofunguliwa. Mtu aliyejua kusoma ukuta ule alijua umri wa lori vizuri kuliko aliyesoma kadi ya gari.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na watu wakaanza kuvuka mpaka kwa makumi ya maelfu. Miaka mitatu baadaye vita vya Zaire vikaleta wengine kwa maboti, na Novemba 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Chakula chao kilifika Kigoma kwa reli, na kutoka stesheni kilihitaji malori kupanda Kasulu na Kibondo kwa barabara ya udongo mwekundu iliyokuwa ikigeuka utelezi masika nzima. Kila chenye magurudumu kilipata kazi. Baba akafanya ovahoo kubwa: silivu mpya, pistoni mpya, nozeli, pampu ya dizeli ikasafishwa, na krenki ikachongwa kwa mara ya mwisho. Ukuta ukaandikwa 40.

Lori lililipa gharama hiyo haraka, likajenga vyumba vya nyuma, likatusomesha. Fedha ile ilitokana na msiba wa watu, na baba hakulisahau hilo. Wakati wa kushuka, bodi ikiwa tupu, alipakia wagonjwa na wazee waliokuwa wakija hospitali ya Maweni, na alimkataza utingo kuwadai chochote.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa kuchakaa kwa lori letu peke yake. Huko Dunstable, Uingereza, General Motors ilikuwa imeacha kutengeneza malori ya Bedford mwaka 1986, na aliyenunua kiwanda akafilisika mwaka 1992. Spea zake zikazidi kuwa adimu. Wakati huohuo Fuso zilizotumika Japani zikaanza kushuka bandarini Dar, na spea zake zikajaa hata Mwandiga. Fuso ilipanda Kasulu na kurudi siku hiyohiyo. Bedford lililala njiani. Lami ilipoanza kutandazwa kwenye barabara za mkoa, wafanyabiashara wa dagaa wakazoea mzigo ufike ukiwa bado unanuka ziwa, na utingo wetu wa zamani akapata usukani wa Fuso ya mtu mwingine. Hatukumlaumu.

Bedford likapandishwa juu ya mawe, chini ya mwembe. Baba hakutaka neno kuuza litamkwe, lakini alifanya jambo moja ambalo thamani yake niliielewa baadaye: kila baada ya muda alimwita fundi azungushe injini kwa mkono na kubadilisha oili, ili pistoni zisigande. Injini isiyozungushwa miaka miwili mitatu hushika kutu ndani ya silinda, na ikishashika, anayeinunua anainunua kwa kilo.

Baba alifariki mwishoni mwa mwaka 2014, na lori likaingia kwenye mirathi. Hapo ndipo lilipoleta tabu. Nyumba unaweza kugawa vyumba, shamba unaweza kupima kwa hatua. Lori utamkatia mama thumni yake wapi? Shehe alikuwa muwazi: ama mlithamini na mmoja wenu awalipe wenzake, ama liuzwe igawanywe fedha. Na kila mwaka lililokaa pale, ada ya leseni ya gari iliendelea kuhesabika, maana hiyo ilikuwa bado haijafutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta kama ilivyofanyika mwaka 2017.

Nilishuka kutoka Tabora Mei 2015 kwa ajili ya kikao hicho, nikaikuta Kigoma imejaa. Warundi walikuwa wanakimbia tena. Makumi ya maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya ziwa na mlima mkali, kipindupindu kikawakuta hapohapo ufukweni. Barabara ya gari ya kufika Kagunga haikuwapo. Waliletwa na MV Liemba, mamia kwa safari moja, wakipandishwa kutoka kwenye maboti madogo kwa kuwa meli haikuweza kutia nanga ufukweni, kisha wakapokelewa katika uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu.

Watu wa Kigoma tunaijua historia ya Liemba tangu utotoni. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha hadi Kigoma ikaungwa upya, wakaiita Goetzen. Mwaka 1916, walipoona wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza wahandisi wakaipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikafungwa injini za dizeli.

Kaka yangu mkubwa alianza na hapo kikaoni. "Wanangu," alisema, kwani sasa yeye ndiye baba, "meli ina miaka mia, inaokoa watu leo hii. Ninyi mnataka kulitupa lori la juzi." Alitaka tuchange, atafute krenki nyingine, alirudishe barabarani. Dada yetu wa Dar alitaka liuzwe zima. Na mnunuzi alikuwepo: mfanyabiashara wa minada ya vijijini, aliyetaka kupakia wachuuzi na mizigo yao pamoja, juu ya magunia, kama wanavyofanya wengi.

Fundi wa Kasulu, mzee sasa, aliinama chini ya gari muda mrefu, akatoka akasema kuhusu breki. Ngoma zote zilikuwa zimechongwa hadi zimekuwa nyembamba, na nyingine zilikuwa shida kupata. Kwa mteremko wa kushukia ziwani, na watu juu ya magunia, asingeligusa. Hapo kwangu hoja ya kuuza zima ilikufa. Bei ya mnunuzi ilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia, na niliipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu fedha ile ingegawanywa Ujiji na roho zingegawanywa njiani Kidahwe.

Ikabaki kutengeneza au kuchinja, yaani kulifungua na kuliuza vipande. Nilimheshimu kaka, lakini mfano wake ulinisukuma upande mwingine. Liemba ilikarabatiwa mara zote hizo kwa sababu ingesimama, waliokwama Kagunga wangekosa meli, na vijiji vya kusini hadi Kasanga pia. Bedford letu lilikuwa na miaka likiwa juu ya mawe, na hakuna gunia hata moja la maharage lililokosa kushuka Kigoma. Krenki mpya, ngoma za breki, matairi sita: fundi alipojumlisha, tulikuwa karibu na nusu ya bei ya Fuso nzima. Mama alisikiliza yote, akasema thumni yake anaitaka kwa fedha, anataka kuezeka upya kabla ya masika. Shangazi akaunga mkono. Kikao kikaisha.

Kulichinja kulichukua wiki kadhaa na nililisimamia mwenyewe. Injini ilikwenda kwanza. Ilizunguka kwa mkono bila kugoma, kazi ya baba, na mjenzi wa maboti ya mizigo wa Kibirizi akainunua baada ya kuisikia ikiwaka mara moja tu. Ndani ya boti haibebi tani saba kupanda mlima, kwa hiyo krenki ya saizi 40 ingevumilia mwendo wa polepole. Ekseli ya mbele na rimu zake ikawa tela la trekta huko Kasulu. Springi wahunzi walizigombea. Chuma cha springi ndicho kinachotoa panga lisilopinda. Radieta ilikwenda kwa wanunuzi wa shaba na difu kwa mtu wa Urambo aliyekuwa na Bedford jingine. Chesisi ilikatwa kwa gesi, ikapanda treni kama chuma chakavu. Jumla ilizidi bei ya mnunuzi wa minada, si kwa mengi. Kisha nikapeleka kadi mamlaka ya mapato kufuta usajili, jambo ambalo wengi huliacha na deni likawafuata.

Giaboksi haikuuzwa. Kaka aliinunua kwa fungu lake mwenyewe, akaifunika turubai stoo. Baadaye, serikali iliposaini mkataba wa kuikarabati Liemba, alinipigia simu usiku. "Umesikia?" akasema. Nikamjibu kuwa nimesikia, na kwamba hata wao watailipia kwa kuwa ziwa halina Fuso. Akasema nije nimwonyeshe ni wapi Ujiji kuna Fuso inayopanda Kalinzi na mzigo kamili kwa gia ya tatu. Tulibishana mpaka salio likaisha.