Haki ya Mnyama Kambini

Ndugu msomaji, katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amewataja pamoja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wanyama aliowaumba ili tuwapande na wawe pambo kwetu. Huku Mbulu na Hanang farasi ni mgeni, kwani kuna maradhi yanayoenezwa na wadudu wadogo wang'atao usiku, nayo humwua upesi, ilhali punda huyahimili. Basi safari za huku ni za punda, na kambi ni za punda. Wataalamu wanasema kuwa mnyama huyu alifugwa kwanza hapa hapa Afrika, miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Ni mwenyeji kuliko wengi wetu.

Wakati wa kiangazi Ziwa Balangida hukauka na kuacha chumvi juu ya ardhi. Wairaqw hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kuifuata, na Wadatoga wa tambarare huja vile vile. Nami nimepata kufuatana na watu wa chumvi, nikalala nao nje, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Kambi yao haina hema. Ni boma la miiba, moto wa kuwatisha fisi, punda katikati na watu pembeni.

Katika safari moja kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja, na pamoja nasi alikuwapo kijana mwenye punda mmoja tu. Tulipofika mahali pa kulala, kijana alikimbilia kuwasha moto apike. Mzee akamwita: "Mwanangu, aliyebeba ndiye aliyechoka. Mtue kwanza." Imepokewa kuwa Masahaba walikuwa wakituapo hawakusali sunna mpaka wawe wamewafungua wanyama mizigo. Ikiwa hata sala ya sunna iliusubiri mgongo wa mnyama, sufuria ya ugali ina haraka gani?

Kisha kijana akachagua kulala katika korongo kavu, maana mchanga wake ni laini. Mzee akakataa. "Hii ni njia," alisema. "Maji hayabishi hodi." Mtume (s.a.w.) naye aliwakataza wasafiri kulala njiani usiku, kwa kuwa ndipo wapitapo wanyama na wadudu. Wakaao kando ya Ziwa Basotu, lenye maji baridi na viboko wengi, wanaielewa sana hekima hiyo: kiboko hutoka usiku kula majani, naye hufuata njia yake ile ile. Na alfajiri ya tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Hanang yakaifikia Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Simlaumu aliyejenga alipopata. Lakini kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kutazama maji hupita wapi.

Mtihani mkubwa ulikuja wakati wa kupakia chumvi. Punda wa kijana alikuwa na kidonda mgongoni chini ya shogi. Mzee akaamuru mzigo wake upunguzwe nusu. Kijana akasema kwa uchungu: "Mzee, chumvi hii ndiyo sare na madaftari ya mtoto wangu." Sote tukanyamaza, maana alisema kweli. Mzee akamjibu: "Nimekusikia, mwanangu. Lakini ukimwua huyu leo, mwakani utabebea mgongo wa nani?" Kisha hakuishia kwenye maneno. Aliigawa ile nusu, sehemu kwa punda wake, sehemu kwa wetu, na iliyobaki tukaibeba vichwani kwa zamu hadi juu ya mlima. Chumvi ilifika yote, na punda alifika mzima.

Hapa pana somo, ndugu zangu. Ni rahisi kumwonya maskini asimtese mnyama, ikiwa gharama ya huruma hiyo tunamwachia yeye peke yake. Anayeamrisha wema na atoe bega.

Nasi tunahitaji mabega mengi. Punda wa Afrika wamechinjwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi zao, zinazochemshwa kutengenezea dawa huko China. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana hivyo kwa bara zima Februari 2024. Sheria ni ngao njema, lakini haifiki kambini usiku. Huko anayefika ni mwenye punda na dhamiri yake, na kiumbe asiyeweza kusema kuwa amechoka. Haki yake ni maji, malisho, mgongo uliotuliwa mapema na mzigo wa kiasi. Tumpe kabla hatujaulizwa.